V6 ya Alphard ndani ya Toyota MR2: itaingia, lakini pima kwanza

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Toyota MR2 ya 1993, ya turbo, gia za mkono. Naishi Mombasa. Siku hizi inatoa moshi wa bluu na inakunywa oili. Fundi wangu ananiambia niachane na 3S-GTE, injini yake ya sasa ya silinda nne, nitafute 2GR, ile V6 ya Alphard na Harrier, tuifunge nyuma. Je, itaingia kweli? Gia boksi itahimili? Na joto la huku pwani halitaiua?

JIBU: Marahaba. Itaingia. Imeshafungwa kwenye MR2 nyingi za umbo hilo lako la SW20, hasa Marekani na Uingereza, ambako watu walifunga V6 ya zamani zaidi, 1MZ, kisha wakahamia 2GR. Gia boksi yako, ikiwa ni ile iliyotoka na gari la turbo, itahimili. Na joto la Mombasa halitaiua mradi mabomba ya maji yawe mazima. Maswali yako yote matatu lakini ni ya chuma, na chuma ndiyo kazi nyepesi. Hukuniuliza kuhusu waya. MR2 zinazokaa gereji mwaka mzima injini ikiwa imeshafungwa, bolti zote zimekazwa, rangi imepigwa na gari haliwaki, zimekwamia kwenye waya. Nitafika huko. Kwanza moshi.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, basi. Haukwambii oili inapenyea wapi, na kwenye injini yako inaweza kupenya ringi za pistoni, sili za valvu, au turbo. Ukiwasha asubuhi moshi ukatoka kidogo kisha ukakata, shuku sili za valvu. Hali kadhalika ukiteremka mteremko umeachia mafuta, kisha ukikanyaga wingu likatoka. Moshi unaozidi kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, na pumzi inayopuliza kwa nguvu ukifungua kifuniko cha oili, hiyo ni ringi. Kuhusu turbo, fungua mpira unaotoka kwenye turbo kwenda intakula, kile kipozea hewa. Unyevu kidogo wa oili ni kawaida, lakini ukikuta imetuama humo, shika shafti ya turbo na uitikise. Ikigonga kingo za nyumba yake, mchawi umempata.

Halafu kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ipimwe kwa silinda zote nne, injini ikiwa ya moto. Unachotafuta ni namba zinazokaribiana. Silinda moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka; isipopanda, valvu au gasketi ya hedi. Kipimo hiki ni cha saa moja au mbili. Fundi anayekushauri utupe injini kabla ya kukuonyesha karatasi ya kompresheni anakuuzia kazi anayoitamani yeye. Simlaumu, hata mimi naipenda kazi hiyo, ila fedha ni zako. Kama kosa ni turbo peke yake, tengeneza turbo uendelee kuendesha gari lako.

Tuseme sasa kipimo kimekuja kibaya, bloki imekwisha. Hapo ziko njia mbili, na hii ya kwanza wengi huiruka. Caldina GT-T ya ST215, iliyouzwa Japani kuanzia 1997, ina 3S-GTE ya kizazi cha nne yenye nguvu ya farasi 260, ilhali yako ya 1993, kama ilitoka kiwandani kabla ya mwisho wa mwaka huo, ni ya farasi 225. Ni injini ya ukoo uleule: inakaa kwenye mauntingi zako na gia boksi yako inaifahamu. Kazi inabaki kwenye mabomba ya intakula, ekzosi na kontrolboksi yake, yaani kompyuta ya injini. Na 3S-GTE si injini ya kudharauliwa na Mkenya. Ndiyo iliyokuwa ndani ya Celica GT-Four zilizoshinda Safari Rally mwaka 1990, 1992, 1993 na 1994, hiyo ya mwisho ikiwa mikononi mwa Ian Duncan, mtu wa hapa hapa. Tatizo lake ni umri. Caldina ya 1998 nayo ni mzee, na injini yake ya mtumba huenda ikaja na moshi uleule unaoukimbia. Ukiipata iliyopimwa mbele yako, ichukue. Usipoipata, nakubaliana na fundi wako: 2GR.

Mambo mazuri ya 2GR-FE ni mengi. Ni V6 ya sentimita za ujazo 3,456, bloki ya aluminiamu, cheni badala ya mkanda wa taimingi, na kwenye magari ya Japani inatoa farasi 280 na msokoto wa Nm 344. 3S-GTE yako inatoa Nm 304. Tofauti ya namba si kubwa sana. Utaihisi kwenye namna nguvu inavyokuja. V6 haingoji turbo ijae, inavuta tangu chini, na kwenye barabara kama ya Mombasa kwenda Malindi hilo linafaa kuliko farasi wa kilele. Uzito unakaribiana na wa injini yako ukihesabu turbo, intakula na mabomba yake, kwa hiyo gari halilemewi nyuma kuliko lilivyozoea. Na Lotus waliichagua hiihii kwa Evora ya 2009, injini ikiwa nyuma ya dereva kama yako, gia za mkono.

Angalia tu herufi. Unataka FE. Kariakoo, Kirinyaga Road, hata hapo kwenu, utaonyeshwa "2GR" iliyotoka kwenye Crown au Mark X ya 3.5 ukaambiwa ni ileile. Hiyo ni 2GR-FSE. Imetengenezwa kwa gari ambalo injini inalala kwa urefu na kusukuma magurudumu ya nyuma, tena inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Ina nguvu zaidi, ndiyo, lakini sampu yake (bakuli la oili la chini), mabomba yake na petroli yake vitakutoa jasho usilolihitaji. 2GR-FKS ya Alphard za 2018 kuja juu iache pia kwa sababu hiyo ya petroli. Chukua ya Harrier 350G, Estima 3.5, au Alphard na Vellfire za kuanzia 2008 hadi kabla ya FKS kuingia. Hizo zote zinalaza injini kwa upana, kama MR2.

Kuifunga. Gia boksi ya MR2 ya turbo inaitwa E153, na Toyota wenyewe waliifunga gia boksi ya jina hilo kwenye Camry za V6 zilizouzwa Marekani. Ndiyo maana matundu ya bolti ya 2GR yanakutana nayo bila sahani ya katikati. Shafti za magurudumu zinabaki zako, kwa sababu gia boksi haihami. (MR2 isiyo na turbo ina S54, gia boksi dhaifu zaidi. Msomaji mwenye hiyo atafute E153 na shafti zake kwanza, au aiache V6.) Kwa kuwa hizo Alphard na Harrier zote ni otomatiki, injini itakuja na sahani nyembamba ya konvata ya otomatiki, haina flaiwili, lile gurudumu zito ambalo klachi hukaa juu yake. Tafuta flaiwili ya V6 ya Toyota ya gia za mkono, au ya kutengenezwa, na uilinganishe na krenki kwa mikono yako kabla hujailipia. Klachi iwe mpya. Mauntingi ya upande wa cheni ndiyo itakayohitaji braketi mpya ya kuchomelewa, na hapo mpe kazi mchomeleaji anayejua chuma kinachobeba mzigo, asiwe wa mageti. Pampu ya hydroliki ya usukani, kama injini imekuja nayo, itoe. MR2 zenye pawa hutumia pampu ya umeme iliyo mbele, hazitegemei injini. Ekzosi ya upande wa ukuta wa kabini ina nafasi finyu, itatengenezwa upya, nayo ifunikwe kitambaa cha joto.

Sasa waya.

Injini yako ya sasa inafunguliwa mafuta kwa kebo: unakanyaga, kebo inavuta, kipepeo cha kuingizia hewa kinafunguka. 2GR haina kebo. Kikanyagio kina sensa, sensa inaiambia kontrolboksi, kontrolboksi inaamua kipepeo kifunguke kiasi gani. Maana yake ni kwamba kikanyagio cha gari lililotoa injini ni sehemu ya injini. Ufunguo wenye chipu vilevile. Na hapo ndipo wanunuzi wanapoumia. Zile pua za gari zilizokatwa, wauzaji wanaziita nozikati, zinazotua kutoka Japani au Sharjah, zimekatwa mbele ya ukuta wa kabini. Injini unaiona, rejeta unaiona, taa zote mbili unaziona, unafurahi. Kumbe kontrolboksi, kikanyagio, boksi la immobilaiza (linalozuia injini kuwaka bila ufunguo wake) na nusu ya waya vilikuwa ndani ya kabini na vimebaki ng'ambo. Waya zimekatwa kwa msumeno. Nunua nusu gari iliyokatwa nyuma ya dashibodi, au usinunue. Ikiwa bei ya nozikati ni nzuri kupita kiasi, hiyo ndiyo sababu yake.

Ukishakuwa na waya nzima, unachagua ubongo. Unaweza kutumia kontrolboksi ya Alphard yenyewe. Faida yake ni kwamba Toyota wameshaipanga, injini itawaka asubuhi bila kusita, na ukifunga soketi ya kupimia chini ya dashibodi, fundi yeyote mwenye mashine atasoma makosa. Ubaya wake ni kwamba inatafuta gia boksi ya otomatiki ambayo haipo. Itawasha taa, itaandika makosa ya solenoidi za gia, na inaweza kujiingiza kwenye hali ya kujilinda na kukunyima nguvu. Immobilaiza nayo lazima ihamishwe yote au izimwe na mtu anayejua. Njia nyingine ni kontrolboksi huru ya kupangwa upya. Hiyo haijali otomatiki wala chipu. Lakini 2GR ina kamshafti nne, na zote nne zinasogezwa na VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka. Boksi lolote utakalonunua liweze kuziendesha zote nne pamoja na kipepeo cha umeme. Maboksi mengi ya bei rahisi, na ya zamani, hayawezi.

Mimi naegemea boksi huru kwa gari la gia za mkono, kwa sharti moja: kabla ya kulinunua, mtafute mtu atakayelipanga. Muulize analijua boksi gani, ununue hilo. Boksi bora duniani ambalo hakuna mtu kati ya Mombasa na Nairobi aliyewahi kulifungua ni pambo.

Kuna waya ndogondogo zinazosahaulika. Saa yako ya mizunguko imezoea ishara ya injini ya silinda nne, kwa V6 itadanganya mpaka irekebishwe au boksi lipewe kazi hiyo. Sensa ya saa ya joto, ile ya MR2, ihamishiwe kwenye injini mpya, kwa sababu dashibodi haielewi sensa ya Alphard. Taa ya oili vivyo hivyo. Taa ya chaji ipelekwe kwenye oltaneta mpya. Ethi, zile waya za kurudisha umeme kwenye bodi, zisafishwe mpaka chuma king'ae, tena ziwe nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika. Huko kwenu chumvi ya bahari inakula ethi kwanza, na makosa mengi yanayodhaniwa ni ya kontrolboksi yako kwenye ethi. Mwambie anayefunga waya achore michoro kwenye karatasi na ubaki nayo wewe. Siku akihamia Doha, hutabaki na gari lisilosomeka.

Petroli ni fupi. Alphard hairudishi petroli kwenye tangi kutoka kwenye injini, MR2 inarudisha. Funga kidhibiti shinikizo cha nje kwenye laini yako ya kurudishia, kwa baa 3 hadi 3.4 hivi. Pampu ya MR2 ya turbo inatosha ikiwa nzima.

Joto. Umeuliza vizuri, ila adui yako hatakuwa V6. Kwa kweli kuondoa turbo kunapunguza joto chini ya boneti ya nyuma. Turbo iliyowaka hadi ikawa nyekundu na V6 isiyo na turbo ni vitu viwili tofauti. Shida ya MR2 ni kwamba rejeta iko mbele na injini nyuma, na maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya gari. Yako yana zaidi ya miaka 30 na yameishi kando ya bahari. Yakague urefu wote kwa kurunzi na bisibisi, hasa pale yanaposhikwa na vibanio, ambapo kutu hujificha. Palipolegea badilisha bomba zima, usibandike. Rejeta iwe mpya, thamostati iwe mpya, mipira yote iwe mipya. Na mfumo huu unachukua zaidi ya lita 10 za maji na hupenda kubakiza hewa. Mbele, ndani ya buti la mbele, kuna mahali pa kutolea hewa, pa rejeta na pa hita. Pafunguliwe, hita iwe kwenye moto kabisa, pua ya gari iinuliwe, ujaze polepole mpaka mapovu yaishe. Gasketi za hedi za MR2 nyingi zimeuawa na hewa na lawama ikapewa injini. Feni ya pembeni ya chumba cha injini, kama bado unayo, ifanye kazi. Kuhusu AC, kompresa ya V6 inaweza kuwa ya aina isiyo na klachi ya sumaku, na kontrolboksi ndiyo inayoiamuru. Uliza mapema, kwa sababu MR2 bila AC mwezi wa Februari huko kwenu ni adhabu.

Injini ikiwa bado chini sakafuni, fanya kazi ambazo baadaye zitakulazimu kuishusha tena. Kwanza kabisa, tazama bomba la oili la VVT-i. Kwenye 2GR za miaka ya mwanzo lilikuwa na kipande cha mpira katikati, na mpira huo hupasuka ukamwaga oili yote kwa dakika chache. Toyota walitoa badala yake bomba la chuma tupu. Likiwa la mpira, badilisha hata kama linaonekana zuri. Pampu ya maji badilisha, zinajulikana kwa kuvuja. Plagi sita zote, kwa sababu tatu za upande wa ukuta ni taabu kuzifikia injini ikishaingia. Sili ya nyuma ya krenki, kabla flaiwili haijafungwa. Fungua kifuniko cha valvu uone: oili nyeusi iliyoganda kama lami kwenye cheni inakwambia mwenye gari wa kwanza hakuwa anabadilisha oili, na hiyo injini irudishe. Oili mpya ni lita 6 na kidogo pamoja na filta.

Kabla ya yote hayo, inua gari ulitazame chini. Nguzo za milango, sehemu zinaposhikia sapota za nyuma, trei ya chini ya injini. Chuma kikiwa kimeliwa hapo, fedha za V6 zipeleke kwa mchomeleaji. Breki nazo zitazamwe kama za gari la farasi 280, pamoja na bushi zote za nyuma na tairi. MR2 ina sifa ya kugeuka nyuma ghafla dereva akiachia mafuta katikati ya kona, na msokoto unaokuja mapema haupunguzi tabia hiyo. Ukiwa umezoea turbo, wiki za kwanza endesha kama mgeni.

Makaratasi usiyaache mwisho. Logbuku yako inasema injini ya sentimita 1,998 na namba ya 3S. Kubadilisha injini ni kubadilisha taarifa za gari, kwa hiyo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, wanataka kujulishwa na gari likaguliwe, na maombi siku hizi yanapitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Risiti ya injini na karatasi za ushuru ziwe kwa jina lako au za duka linaloeleweka. Namba ya injini isiyo na asili ni kesi ya polisi inayokungoja barabarani. Bima nayo iandikiwe. Bima iliyokatwa kwa gari la lita 2 haitakuwa na haraka ya kulipa ajali ya gari la lita 3.5.

Na ile 3S-GTE uliyoitoa, hata kama imekufa, usiipeleke skrepa mpaka V6 imewaka na kutembea. Utahitaji sensa zake, vibanio vyake, na braketi moja au mbili ambazo hakuna anayezikumbuka hadi siku ya kufunga. Baada ya hapo wenye Celica na Caldina watakununulia hedi na turbo, na fedha hizo zitalipa flaiwili.